Siku Watoto Walipomsemea Fisi

Jumamosi. Korogwe kumekucha na manyunyu, lakini mimi bado niko jana, kwenye vumbi la Handeni. Naandika polepole, kama mtu asiyetaka kuamshwa.

Kikundi chetu cha maigizo ya watoto tulikianzisha wawili, mimi na Zaina, tukiwa walimu wapya Kwashemshi. Jukwaa hatukuwa nalo. Tulicheza kwenye ghala la katani lililoachwa, mavazi yetu magunia. Zaina alikuwa fisi. Sauti yake ilitoka chini kabisa, kama ngoma ndani ya pango. Tulipokwenda Magoma mara ya kwanza, darasa la kwanza lote lilitimua mbio, likatuachia ndala. Baadaye wakarudi mmoja mmoja, wakachungulia dirishani, wakaomba fisi alie tena.

Miaka kumi na miwili amekuwa fisi yuleyule.

Mwaka jana alifanyiwa upasuaji wa koo. Akapona, ila sauti haikurudi. Imebaki pumzi tu. Mpaka umsogelee ndipo umsikie. Nami, kimyakimya, nikamfundisha mwigizaji mwingine maneno ya fisi. Niliona haya kumwambia Zaina. Nakiri hapa kwa kuwa mbele yake nilishindwa.

Jana tulicheza kwenye shule moja huko Handeni, wengi wao watoto wa wafugaji. Kabla sijamwita yule mwingine, Zaina alishavaa gunia. Akaingia. Akasimama katikati yao, akafungua kinywa.

Ikatoka pumzi tu.

Nikageuka kumtafuta yule mwingine.

Msichana mdogo wa mstari wa mbele akauliza, "Fisi, mbona husemi?"

Zaina akagusa kovu la shingoni.

"Unaumwa? Basi mimi nitakusemea."

Akasimama, akanguruma. Mwenzake akasema fisi huyu ana njaa. Mwingine akakataa: ana upweke. Mmoja akamsemea Kimaasai, uwanja mzima ukaangua kicheko. Mimi sikuambulia neno. Zaina akaifuata kila sauti kwa mwili wake, akachechemea, akalia, akacheza. Mwishowe wakamwamuru amwombe radhi mbuzi, yule anayemwinda katika mchezo wetu. Akaomba, kwa magoti, na pale uwanjani vumbi likameremeta juani kama unga wa dhahabu.

Njiani kurudi nikamwambia. "Zaina, nafasi yako nilishampa mtu."

Akaniinamia sikioni. "Najua. Nilimsikia akijifunza maneno yangu. Ndiyo maana niliwahi kuvaa."

Nikalia. Yeye akacheka, kicheko cha pumzi tupu.

Leo asubuhi nimemwomba radhi yule mwenzetu niliyemfundisha maneno ya fisi; amekubali kucheza mbuzi. Kisha nimechukua daftari la mchezo, nikafuta maneno yote ya fisi. Jumatatu tunakwenda Kerenge. Fisi atasema nini huko? Sijui, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze, sitaki kujua mapema.