Amalfi, Malindi na Chumba Kilichopakwa Rangi

Jumapili, katikati ya mwezi wa sita. Neasden.

Jua limetoka tangu asubuhi, na majirani wote wamevua mashati kama watu walioambiwa halitarudi tena. Mimi niko jikoni na chai ya tangawizi, dirisha liko wazi, na nina furaha ambayo bado sijajua niiweke wapi. Leo nimekata shauri nililolikimbia wiki tatu nzima. Acha niliandike kabla sijaanza kujitia wasiwasi upya.

Mambo yote yaliletwa na mdomo wangu.

Mwezi wa tatu binti yangu Zuhura alikuwa amelala kifudifudi juu ya kitabu cha hesabu, analia. Ana miaka kumi na sita na mitihani ya mwisho ya sekondari ilikuwa inamkaribia. Kwa kumtuliza nikamwambia amalize mitihani tu, nami nitampeleka popote atakapo duniani. Nilisema "popote" kwa sababu nilikuwa na hakika ya jibu. Mtoto ambaye kila Idi humuuliza babu yake kwenye simu kama yule paka bado yupo, angetaka kwenda wapi kama si Malindi?

Na sisi tuliotoka nyumbani, likizo haina maswali. Ukipewa wiki mbili kazini, unakwenda kwenu, na masanduku yamejaa sabuni, mafuta ya kupaka na viatu vya watu ambao hata miguu yao huijui. Nimekaa London miaka kumi na tisa na sijawahi kupanda ndege ya likizo isiyokwenda Kenya. Nilikuwa karibu kuamini kwamba hakuna nyingine.

Zuhura alipofuta machozi akanijibu kwa Kiingereza chake, bila hata kufikiri. Pwani ya Amalfi, Italia.

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akanitolea simu na kunionyesha picha: nyumba za waridi na manjano zimepandana mlimani, bahari chini, miavuli imepangwa mistari. Rafiki zake wawili wameshakwenda, akaniambia, na mmoja wao alipata alama mbovu kuliko yeye.

Sasa sikiliza balaa la pili. Wiki ileile nilikuwa nimeandika kwenye kundi la familia kwamba Agosti tutakuja, inshallah. Nilimaanisha inshallah ya mtu ambaye hajatazama hata kalenda. Kule Malindi wakaisoma kama tiketi. Mwezi wa tano Baba akanitumia picha. Chumba cha mbele kimepakwa rangi ya samawati, na yeye mwenyewe amesimama mlangoni na brashi mkononi, kofia yake imejaa matone. Baba yangu ana miaka sabini na tatu, goti lake moja ni bovu, na hajapanda ngazi kwa ajili ya mtu yeyote tangu astaafu. Aliipanda kwa ajili yetu.

Na likizo ni moja. Wiki mbili za Agosti, basi. Fomu inatakiwa kwa bosi wa wodi kesho Jumatatu, na nikizitumia hizo sina nyingine ya maana mpaka mwezi wa nne mwakani. Nikimpeleka Zuhura Italia, Baba atakuwa na chumba kizuri kisicho na mtu. Nikimpeleka Malindi, nitakuwa nimemfundisha binti yangu kwamba ahadi ya mamake ina tundu chini.

Nakiri kitu hapa ambapo hakuna wa kunisuta. Mimi mwenyewe nilitaka kwenda Amalfi, na niliona haya kutaka.

Zuhura hakujua alichokigusa. Malindi ni mji wa Waitaliano. Mtaani kwetu nilijua kusema "ciao" kabla sijajua "good morning", na mpaka leo nikiumia kidole, maneno yanayonitoka ya kwanza ni yale mabaya niliyoyasikia jikoni kwa Baba. Kwa miaka ishirini na sita Baba alikuwa mpishi wa Signora, mjane wa Kiitaliano aliyekuwa na nyumba nyeupe karibu na ufuo. Signora alitoka kijiji kidogo cha pwani hiyohiyo ya Amalfi. Jina hilo nimelisikia tangu utotoni, Baba akilitaja kama watu wanavyotaja peponi, mahali pazuri ambapo wewe hujaambiwa uende lini.

Lakini pia nilikua upande ule mwingine wa kamera. Wageni walipita uchochoroni kwetu wakapiga picha nguo zetu kwenye kamba. Mmoja alinipiga picha nikiwa na kanga ya mamangu na mdomo umejaa mhogo, akasema "bella", yaani mrembo, akaenda zake. Nilikuwa na miaka tisa, na niliapa kwamba nikikua sitakuwa mtalii wa mtu. Sasa fikiria, picha ya tatu aliyonionyesha Zuhura ilikuwa ya nguo za watu zilizoanikwa juu ya uchochoro.

Jumatano nikapeleka kesi yangu kwa Wambui, muuguzi mwenzangu, mtu wa Nyeri. Tulikuwa tumekaa kwenye mkahawa wa Waarabu pale Edgware Road, tumetoka zamu ya asubuhi, miguu inawaka moto. Nilimweleza yote. Alicheka mpaka mhudumu akaja kuuliza kama tunahitaji maji.

"Wewe mtu wa Malindi unalipa nauli kwenda kuangalia bahari?" akasema. "Hiyo ni kama mimi nichukue annual leave niende niangalie majani chai."

Kisha akaacha kucheka na kuniuliza Baba amesemaje. Nikamwambia Baba hajui. Wambui akaweka kikombe chini na kuniambia kwamba wiki tatu zote hizi nimekuwa nikigombana na mzee ambaye hajaambiwa kitu. Sikupenda kuambiwa vile, na alikuwa amesema kweli.

Kabla sijafika kwenye simu ya leo, lazima nieleze habari ya spageti.

Kila Ijumaa Signora alitaka spageti ya limau kama ya kwao. Baba alimpikia. Signora alikula, akamaliza sahani, akafuta mdomo na kusema, "Buono, Athumani. Lakini si kama ya kwetu." Ijumaa iliyofuata vilevile. Baba akajaribu malimau ya Malindi, akajaribu ndimu, akachanganya nusu kwa nusu, akakwangua maganda, akaongeza chumvi ndani ya maji, akapunguza. Mwaka mmoja alitia kijiko cha tui la nazi bila kumwambia mtu. Signora aliomba sahani ya pili, kisha akasema maneno yaleyale. Majaribio yote yaliyobaki yalikuja kwetu kwenye bakuli la bati. Nadhani tulikuwa watoto pekee wa mtaa ule waliolilia ugali kwa kuchoshwa na spageti.

Signora alizeeka, akafunga nyumba, akarudi kwao, na hatukupata habari zake tena. Baba alistaafu na swali lake. Mpaka leo akimenya limau hulinusa kwanza, kisha hutikisa kichwa kidogo.

Leo baada ya kuswali adhuhuri nikapiga simu. Zuhura alikaa karibu nami akijifanya anatengeneza kucha.

Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba. Nikamuuliza habari za paka. Nikauliza goti, nikauliza majirani, nikauliza mvua. Nilikuwa naelekea kuuliza bei ya samaki aliponikatiza.

"Saumu," akasema, "sema ulilonalo. Hukunipigia kwa ajili ya paka."

Nikalisema lote kwa pumzi moja, la Zuhura na ahadi na Amalfi na Agosti na likizo ya mwezi wa nne, na mwishoni nikasema chumba, Baba, na rangi yote ile, na ngazi.  Nilisikia redio ya jirani yake ikitangaza kifo cha mtu nisiyemjua. Macho yalianza kunichoma, na Zuhura aliacha kucha zake.

"Rangi haiozi," Baba akasema. "Chumba kitawangoja mpaka huo mwezi wa nne. Amalfi si ndiko kwa Signora?"

"Ndiko, Baba. Karibu na hapo."

Akakohoa kidogo. Kisha akaniletea ile sauti aliyokuwa akinitumia jikoni nilipokuwa mdogo, ya kunifundisha kitu mara moja tu.

"Mimi ile meza nimeiandaa miaka ishirini na sita, sikuikalia hata siku moja. Nenda ukaikalie. Uagize spageti ya limau. Usinambie kama ni tamu, najua ni tamu. Uje unambie kama yashinda yangu."

Nililia. Sikujificha wala sikusingizia vitunguu, nililia tu pale mezani, na ilikuwa raha. Wiki tatu nilidhani namnyima mzee kitu, kumbe nilikuwa nimeshika jibu analolisubiri tangu mimi sijui kufunga viatu.

Zuhura akanichukulia simu mkononi. Huyu mtoto Kiswahili hukielewa chote na hukijibu kwa Kiingereza, hata nikimwita kula. Leo akakohoa kama babu yake na kusema kwa Kiswahili, polepole, neno moja baada ya jingine: "Babu, na mimi nitaonja. Mimi nitakuambia ukweli."

Baba alicheka kwa furaha. Mimi furaha yangu ikapungua hapohapo.

Fomu nimeshaijaza, iko ndani ya mkoba. Zuhura anatafuta nyumba ya kufikia, na amekubali sharti langu moja: hatutapiga picha nguo za mtu yeyote. Nikiona mwanamke amekaa mlangoni kwake nitamwamkia, kwa Kiitaliano changu cha Malindi, na nitajitahidi kisiwe kile cha kidole kilichoumia. Wambui nimemtumia ujumbe. Amenijibu kwa picha ya shamba la chai.

Ila nimekaa hapa na chai imepoa, najiuliza jambo moja. Na ikiwa yashinda?

Kwetu mzee akikuuliza kuhusu chakula chake, jibu linajulikana kabla hujafungua mdomo. Mimi nimelelewa nalo. Zuhura amelelewa Neasden, akiulizwa chakula kikoje anasema kilivyo. Nina wiki chache za kumfundisha adabu hii moja ya Malindi, kwamba spageti ya babu haishindwi na ya mtu.

Nitaanza kesho. Na Agosti, nikiletewa sahani ile, nitakula polepole, kila uma na dua yake, nikimwomba Mungu tusilazimike kuitumia adabu hiyo.