Waya wa Mpakani

Alhamisi, 6 Machi

Kilo ishirini na tatu za majani chai kufikia saa tano. Majani ni machache kwa jua hili. Mgongo unaniuma, vidole vimekuwa vyeusi, na nyumbani hakuna hata majani ya kuchemshia chai yangu mwenyewe.

Watu wa bodaboda wamepita tena kwenye kijia cha mpaka, kati ya shamba langu na la Joel. Wanabeba magunia ya majani ya magendo na wanakwepa barabara kubwa. Jumatatu walimgonga ndama wangu. Mguu ulivunjika mara mbili. Nilimchinja mwenyewe, nikilia na kutukana. Nimeenda kwa chifu, nimeenda kwa mwenyekiti wa bodaboda. Wote wananiambia pole. Pole haifufui ndama.

Jioni nimefunga waya. Upande mmoja kwenye mkaratusi wa Joel, upande mwingine kwenye nguzo yangu. Usawa wa kifua cha mtu aliyekaa kwenye pikipiki. Nilikuwa na kitambaa chekundu cha kuning'iniza katikati ili wauone. Nikakirudisha mfukoni. Wacha mmoja aanguke, wengine watajifunza.

Joel alikuwa anakata nyasi ya ng'ombe. Aliniona. Akaendelea kukata. Hatusalimiani tangu ile kesi ya mpaka.

Leo nitalala vizuri.

Jumamosi, 8 Machi

Kucha bado zina damu. Nitaandika hivyo hivyo.

Kila Jumamosi sisi wanne hupanda baiskeli za gia: mimi, Mwangi mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Kapkatet, Kipkorir mwalimu wa michezo, na Faith muuguzi. Kwa kawaida tunapita ndani ya mashamba ya kampuni. Leo geti lilikuwa limefungwa. Mwangi akasema anajua njia nyingine ya kushuka mlima hadi mtoni. Mawe na mizizi mitupu. Akacheka, akasema atakayefika na meno yake yote ni mwanamume, hata awe Chela. Chela ni mimi. Nikamtukana, tukaondoka.

Njia ilikuwa ya kuua. Nilianguka, goti likachubuka. Kipkorir alitumbukia mtaroni, akatoka na matope mdomoni. Raha tupu. Macho yangu yalikuwa kwenye gurudumu la mbele tu. Sikujua tumeelekea wapi mpaka nilipoona mikaratusi ya Joel.

Nikapiga kelele, "Mwangi, simama! Simama!" Akapunga mkono bila kugeuka.

Sisi ndio tulijizoesha. Kwenye mteremko, wa nyuma humpigia wa mbele kelele asimame, kumtia uoga tu. Anayesimama hununua chai na mandazi kwa wote. Mwangi hajawahi kununua. Miaka mitatu hajawahi kufunga breki.

Waya ulimshika shingoni. Baiskeli iliendelea peke yake. Yeye alibaki, akaanguka chali. Damu ilikuwa nyingi, na hewa ilikuwa inatokea shingoni, si mdomoni. Faith alivua jezi, akamkandamiza kwa mikono miwili. Tulimbeba hadi barabarani. Lori la majani likatufikisha hospitali.

Kipkorir aliuliza ule mkaratusi ni wa nani. Nikasema ni wa Joel.

Ni kweli. Ni wa Joel.

Jumapili, 9 Machi

Sikuenda kanisani.

Mwangi yuko hai. Amewekwa bomba shingoni. Daktari hajui kama atasema tena. Mwangi huyo huyo ambaye akiongea dukani kwake unamsikia ukiwa stendi.

Saa tisa Kipkorir alikuja na ndugu zake wawili. Akaniambia twende, wewe ndiwe unajua boma. Nikaenda. Naandika hivi nisije nikajidanganya baadaye: nilienda kwa miguu yangu.

Walimtoa Joel jikoni. Kipkorir alimpiga kwa pampu ya baiskeli, ile ya chuma, mpaka ikapinda. Wale wengine walimkanyaga. Mkono wa kulia ulivunjika, nikausikia. Meno mawili yalilala kwenye nyasi. Mama yake mzee alikuwa mlangoni, anashika fremu, analia jina la Yesu.

Joel alipiga kelele, "Si mimi! Uliza huyo Chela! Ni yeye alifunga, nilimuona na hizi macho yangu!"

Wakasimama. Wote wakaniangalia.

Nikasema, "Huyu ni muongo."

Wakaanza upya. Sasa walikuwa wanampiga kwa ajili ya uongo wake.

Jumatatu, 10 Machi

Sijala.

Namchukia Joel kwa kuniona. Namchukia Mwangi kwa kutofunga breki. Nawachukia wale wa bodaboda, ambao leo wamepita tena, wamepunguza mwendo na kunipigia honi kwa adabu. Nimempiga mbwa teke bila kosa. Mwenyewe najichukia pia, lakini kila nikikaribia hapo nakwepa.

Hata nikisema kweli, Mwangi hatapona kwa hilo. Hiyo ndiyo hesabu yangu ya leo. Ni ya mwoga.

Jumatano, 12 Machi

Mama Shiro, mke wa Mwangi, amekuja. Hajalala siku nne na bado ameniletea chapati na ndengu. Mimi! Faith amemwambia ni mimi niliyepiga kelele.

Alinishika mikono. "Wewe ulijaribu, Chela. Mungu akuone."

Kisha tukasimama kuomba. Aliomba kwa sauti, mpaka majirani wakasikia. Aliomba Mungu aukaushe mkono uliofunga ule waya, ukauke kama kuni.

Nikasema amina.

Ijumaa, 14 Machi

Joel ametoka hospitali. Mkono una plasta hadi begani.

Kipkorir amenipigia simu. Amelewa au amekasirika, siwezi kutofautisha. "Kesho tunamaliza hiyo maneno. Tunafyeka majani chai yake yote, halafu hiyo nyumba inaenda na moto. Wewe kaa kwako, utaona moshi."

Nikamwambia kuna mama mzee mle ndani. Akasema atatoka akisikia joto.

Usingizi hautakuja. Siutafuti.

Jumamosi, 15 Machi

Nilisimama kwenye kijia chenyewe tangu saa moja asubuhi. Walikuja sita, na mapanga na jerikeni ya petroli. Faith alikuwa anakimbia nyuma yao, anawasihi warudi.

Nikasema. Ni mimi. Waya ni wangu. Niliufunga kwa mikono hii, kitambaa nikakiacha kwa makusudi. Joel alisema kweli na mimi nikamwita muongo.

Kipkorir alicheka kwanza. Kisha akaniangalia usoni, kicheko kikaisha. Ngumi yake ilinipata mdomoni. Nilipoanguka alinipiga teke la mbavu, mara mbili, akiuliza, "Ulinifanya nipige mtu bure? Bure, Chela?" Nami sikulala tu. Nilishika jiwe, nikampiga nalo gotini mpaka akapiga magoti. Nikamwambia mimi sikumshikisha pampu. Hilo pia ni kweli, na halinisaidii.

Tulikuwa tumekaa chini wote wawili, tunavuja damu, yeye analia. Faith aliangalia jeraha la kila mmoja, nesi ni nesi. Alipomaliza langu akanitemea mate.

Wale watano waliondoka na mapanga yao, jerikeni ikaachwa pale njiani. Nikaimwaga mtaroni.

Kutoka hapo nilienda hospitali na mdomo umevimba. Mama Shiro alidhani nimegongwa, akainuka kunipa kiti. Nikamwambia nikiwa nimesimama. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kile kiti yeye mwenyewe. Mwangi alikuwa macho, ananisikiliza. Alipoelewa, aligeuza uso, akaangalia ukuta. Nilingoja. Hakugeuka.

Jioni nimeandikisha taarifa polisi. Wameichukua, wameniambia nisitoke nje ya kaunti.

Mbavu zinaniuma nikipumua. Sijasikia njaa hivi tangu Ijumaa ile kabla Mwangi hajaumia. Nimekula ugali mzima na maziwa lala, nikaona aibu.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua imeanza. Imenyesha siku tano mfululizo.

Mwangi ametolewa bomba. Sauti bado. Habari hizo nimezipata kwa watu wengine.

Majani ya Joel yamerefuka kupita kiasi. Yakiachwa wiki hii, kituo cha kununulia kitayakataa. Mkono wake hauwezi, na hakuna mchumaji aliyekuja. Saa moja nilichukua kikapu changu, nikavuka kijia, nikaanza laini ya juu ya michai yake. Sikubisha hodi. Niliogopa angekataa.

Mama yake alichungulia, akaingia ndani. Baada ya saa nzima Joel alitoka na kigoda, akakaa barazani. Plasta imechafuka. Nilichuma nikiwa nimempa mgongo, nikingoja jiwe au mbwa. Majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi. Kikapu kikajaa, nikamwaga kwenye gunia, nikarudi.

Karibu saa sita akasema, kwa sauti ya mtu asiye na meno ya mbele, "Hiyo laini ya tatu umeruka miti miwili."

Nikarudi kuangalia. Nilikuwa nimeiruka. Nikaichuma.