Sanduku Lililobaki Chini ya Meza

Baba Neema,

Mtoto amelala, na leo umeme upo, lakini sina cha kuwasha. Siku ya kuondoa matanga wazee waligawa vitu vyako: makoti, baiskeli, kompyuta. Kaka yako alibeba kioo cha kompyuta tu hadi Mjimwema, akidhani kompyuta ndiyo ile. Sanduku lenyewe, lenye mashine, alilisukuma kwa mguu chini ya meza. Nusura nicheke, Mungu anisamehe.

Sasa sicheki.

Juzi alirudi. "Shemeji, televisheni ya marehemu haionyeshi hata chenga!" Nyuma yake alisimama mtu wa kampuni mpya ya kununua tumbaku, viatu havina vumbi. Aliinama, akachungulia chini ya meza, akasema taratibu, "Kumbe lipo." Kisha, akimpapasa Neema shavuni: "Wajane mmewaweka peke yao, au wamechanganyika na wengine?"

Nilimwambia sijui. Jumatatu anakuja na gari kulichukua.

Shirika la umma ulilofanyia kazi Dar lilipouzwa wakakupunguza, ulirudi ukafungua ofisi hapa Lizaboni, watu wakikucheka: "Fundi wa majina!" Ukatengeneza programu yako mwenyewe ya kuorodhesha mashamba ya tumbaku, kila shamba na mwenyewe na mipaka yake, ili wanunuzi hawa wa soko huria wasije wakamdhulumu mtu. Mimi nilichapa, Neema mgongoni. "Mama Neema, usiache nafasi tupu, mashine haina huruma." Basi hatukuacha. Mume akifariki tuliandika shamba kabaki nalo nani, na kama ana mtoto wa kiume wa kumsimamia. Ulidhani tunawalinda. Kumbe tulikuwa tunamwonyesha mtu yule mlango usio na komeo. Na mimi sasa ni mmoja wa wajane hao.

Ulinionyesha zinapokaa kumbukumbu zote. Leo nimelifungua sanduku kwa bisibisi yako, nimekitoa: kidude kizito, kama kipande cha sabuni ya mche. Nyundo nimeazima kwa jirani. Najua ni kazi ya maisha yako, na nakala hakuna. Nimelia kwanza. Halafu nikaona nikuandikie kabla sijapiga, usije ukayasikia kwa mwingine.

Pumzika, mume wangu. Jumatatu sitagombana na mtu. Nitawasaidia kulibeba sanduku hadi garini, niwafungie na mlango. Ila watu wako, nakuahidi, mtu yule hatampata hata mmoja.

Mama Neema