Redio Mpya ya Baba

Jumatano, Kasingirima

Bado kimya. Tangu Baba apofuke redio ndiyo dunia yake, na ile ya zamani ilipokufa, kaka alimtumia hii ya kidijitali kutoka Dar.

Leo nimezunguka nayo nyumba nzima: dirishani, juu ya kabati, hadi uani nikiwa nimeinua antena. Haikamati stesheni hata moja. Fundi redio kutoka mtaa wa Mwanga amekuja, ameipima, amenirudishia.

"Dada, redio ni nzima. Inakamata mawimbi ya kidijitali tu, na hayo hayafiki huku kwetu."

Ile ya zamani angalau ilikuwa inakwaruza. Hii hainong'oni hata.

Baba ameipakata tangu alasiri. "Mwanangu, watangazaji wote wamelala?"

Nimemjibu ndiyo. Kesho akiniuliza tena, sijui nitamdanganya nini.