Fuvu la Tabaka Jeupe

Bulyanhulu, 4 Juni 2023

Dada Vumilia,

Shikamoo. Mwangaluka. Hujambo huko Dodoma, na chuo, na yale mawe yako? Sisi tunapumua, ila hali si shwari. Nakuandikia barua kama mzee wa kanisa kwa sababu simu yangu imezama kwenye maji ya duara, mle shimoni tunamochimba dhahabu, na kwenye kifurushi hiki kuna kitu lazima ukishike kwa mkono wako.

Unajua tunachimba nyuma ya nyumba ya shangazi Melania. Tulipita udongo mweusi wa mbuga, tukakuta tabaka jeupe, gumu kama sakafu ya saruji. Donatus, mchimbaji mwenzangu, alipolivunja ikatoka mifupa. Dada, fuvu! Dogo, la mtoto, na meno yake. Donatus yule anayejidai haogopi hata jini alipanda kamba nusura anipige teke la uso.

Mchana ule kitongoji kizima kilikuwa kwenye mdomo wa duara. Unamkumbuka Edward, baba yake Rebeka, yule binti aliyepotea akienda kuteka maji? Mwaka wa nne huu. Edward alilikumbatia lile fuvu, akalia mpaka watu wazima tukageuza nyuso. Halafu mtu akauliza, hivi hapa ni uwanjani kwa nani? Basi. Macho ya shangazi ni mekundu kwa moshi wa samadi miaka yote, na wewe unajua huku kwetu mwanamke mzee mwenye macho mekundu anaitwa nani. Jana wamemkata mbwa wake vipande wakavirusha mlangoni. Nimemwambia akimbilie Shinyanga, kwa ndugu yetu Scolastika pale Kambarage. Kagoma! Anasema akiondoka atakuwa amekubali.

Mwenyekiti wa kitongoji ameamuru fuvu likae kwenye banda letu mpaka kikao cha wanakitongoji. Nimeng'oa jino moja na kipande cha jiwe kilichokuwa juu yake. Sayansi yako inaweza kusema mfupa una umri gani? Kama inaweza, iseme haraka, kabla hawajamuua.

Mdogo wako,
Maige

Dodoma, 9 Juni 2023

Mdogo wangu Maige,

Marahaba. Mimi mzima wa mwili tu, tangu nifungue kifurushi chako sijakaa chini. Sikiliza, na usinikatize kama kawaida yako.

Huyo si Rebeka. Huyo si mtu kabisa. Jino ni la nyani, tena aina kubwa kuliko hawa wanaotuibia mahindi, aina iliyokwisha kutoweka duniani. Alikuwa mtoto, ndiyo maana fuvu lake linadanganya macho. Nimelilinganisha na meno tuliyo nayo maabara, na mwalimu wangu Feisal ameliangalia, akakubali bila kubishana, na yeye hubishana na kila mtu.

Kuhusu umri, nikueleze ili uwaeleze na wao. Dhahabu mnayoifukuza iko kwenye mwamba wa miaka zaidi ya bilioni mbili na nusu. Enzi hizo hapakuwa na nyani, wala samaki, wala jani, ni vijidudu tu visivyoonekana kwa macho. Mwambani humo hamtakuta mfupa hata mchimbe mpaka kiama. Huo wenu uko juu zaidi, kwenye chokaa iliyoachwa na ziwa lililokauka, na chokaa hiyo ilijijenga polepole ikimzunguka mnyama. Anayezika maiti lazima atoboe tabaka, na udongo wa juu utachanganyika na wa chini. Kumbuka vizuri: lile jeupe halikuwa zima juu ya fuvu? Sasa shangazi angemzikaje mtoto chini ya sakafu bila kuivunja?

Kwenye jiwe lako kuna mstari wa kijivu. Ni majivu ya volkano. Ndani yake kuna potasiamu ambayo kidogo kidogo, kwa mwendo usiobadilika, hugeuka kuwa gesi ya argoni. Majivu yakiwa ya moto gesi yote hutoroka, yakipoa huanza kujikusanya upya. Tukiipima tunajua yalianguka lini, na kilicho chini yake ni cha zamani zaidi. Kipimo cha kaboni hakifai hapa, mwisho wake ni kama miaka elfu hamsini. Ila argoni inapimwa nje ya nchi na itachukua miezi. Miezi hiyo hatuna.

Kwa hiyo fanya hivi. Banja kibanzi kidogo cha fuvu, kichome mbele ya kikao. Mfupa wa mtu wa juzi ukiungua unanuka kama nywele. Huo utakaa tu kama jiwe. Wanuse wote, na Edward awe wa kwanza. Ukuta wa duara usiguswe. Na fuvu, Maige, lisioshwe, lisipondwe! Nawajua ninyi na karai zenu. Nimempigia simu Donatus mpaka nimechoka, anakata.

Dada yako,
Vumilia

Mahabusu, Shinyanga, 3 Julai 2023

Dada Vumilia,

Shikamoo. Nimesikia umekuja, upo na shangazi hospitali. Sijui hata nikuulize hali gani. Wengine watakusimulia vyao, acha nikusimulie mimi.

Barua yako niliifuata stendi ya Kahama. Niliisoma nikiwa nyuma ya bodaboda, nikamwambia dereva kanyaga. Dada, nilicheka kwa furaha, dereva akadhani nimelewa.

Unajua sisi wachimbaji. Jiwe tusilolijua haliachwi hivi hivi, linapondwa, linaoshwa, tuone kama limeshika dhahabu. Hatufikirii, ni mkono tu. Donatus aliona kitu kinametameta kwenye ule ukoko mweupe. Akaliingiza fuvu kwenye kinu cha chuma akalitwanga lote, akatia unga kwenye karai na maji. Hakuwa na ubaya, mjinga tu yule, Mungu amrehemu. Na Edward akaingia bandani na shuka jipya, amekuja kumfunika mwanae. Akamkuta Donatus anazungusha karai.

Alimkata shingo pale pale. Waliokuwa mlangoni wanasema maji ya karai yalibadilika rangi kabla Donatus hajaanguka. Edward akatoka na panga, anapiga kelele: "Wamemsaga mwanangu wapate dhahabu! Melania ndiye kawapa dawa!" Filimbi za sungusungu zikalia kila upande.

Nilipofika nyumba ilikuwa inawaka. Walikuwa wamemburuza shangazi uwanjani, kanga imemvuka. Nikainua barua yako juu, nikapiga kelele, "Ni nyani! Ni nyani jamani!" Nani alisikiliza? Edward akashusha panga, shangazi akakinga uso kwa mkono, na mkono ukaenda. Nikaokota mtalimbo. Nilimpiga Edward kichwani. Alipoanguka nilimpiga tena, na tena, mpaka mtalimbo ukawa unapiga udongo. Wengine wote wakatawanyika.

Edward ndiye aliyenifundisha kufunga matimba, zile nguzo za kuegemeza kuta, ili duara lisituangukie. Siwezi kula.

Ukuta wa duara bado upo, hakuna anayethubutu kushuka. Nenda na polisi ukachukue hayo majivu yako.

Mdogo wako,
Maige

Mahabusu, Shinyanga, 14 Aprili 2024

Dada,

Shikamoo. Hali yangu ni ya mahabusu, tunalala ubavu mmoja na kugeuka kwa amri. Wiki iliyopita tumepigana kwa ajili ya nafasi ya kulala, nimepoteza jino la mbele. Nawe huandiki ila mistari miwili. Shangazi naye hajaja hata mara moja. Ana nini? Au mkono unamuuma bado?

Wakili amesema kesi yangu iko mdomoni mwa shangazi. Yeye ndiye aliyekuwa karibu. Akisema panga lilikuwa mkononi mwa Edward nilipompiga, nilikuwa namwokoa mtu, na naweza kutoka. Akisema vinginevyo ni kamba. Mwambie, dada. Neno moja tu. Nilimfanyia yeye yale yote.

Mdogo wako,
Maige

Bulyanhulu, 19 Mei 2024

Maige, mdogo wangu,

Marahaba. Pole kwa jino, pole kwa yote. Nakuandikia nikiwa nyumbani kwa shangazi, ndiyo, nyumbani, tumeezeka upya. Sikuandika mengi kwa sababu nilikuwa nasubiri majibu ya argoni, na bila majibu asingeweza kurudi. Walikuwa wameapa akikanyaga huku watamalizia.

Yamefika. Majivu yana miaka laki sita na elfu arobaini, ikizidi au kupungua elfu kumi. Fuvu lilikuwa chini yake. Nimeyasoma mbele ya kikao chote, nikawaonyesha bonge nililokata ukutani, wakapitisha vidole kwenye mstari wa kijivu. Mmoja akaropoka kwamba hata mashine inarogwa, wengine wakaanza kumuunga mkono, nikaona mawe mikononi. Nilidhani nitakufa na karatasi zangu.

Ndipo akasimama Agnetha, mjane wa Edward. Akaniuliza, "Kwa hiyo ni nyani?" Nikasema ndiyo mama. Akauliza, "Basi Rebeka wangu yuko wapi?" Nikamwambia sijui. Alijipiga kifua kwa ngumi, akapiga ukelele ambao bado nausikia. Alipomaliza aliwageukia: "Mume wangu ameua mtu na kufa kwa ajili ya nyani. Inatosha. Melania arudi kwake. Atakayemgusa aanze na mimi." Mawe yakashuka chini moja moja.

Shangazi amerudi, leo ni siku yake ya tatu. Agnetha humletea maji asubuhi, wanakaa pamoja.

Ujumbe wako nimeufikisha kwa shangazi. Alikuwa amekibana kiazi kwa magoti anakimenya kwa mkono uliobaki. Alimenya mpaka kikaisha. Akaniambia: "Edward alilitupa panga. Alipouona mkono wangu chini alilitupa, akapiga magoti akawa anautazama. Maige alimpiga kwa nyuma. Ndiyo maana siendi kumwona, nitamtazamaje?"

Nikamwambia shangazi, watamnyonga. Nilipiga magoti, Maige, nikamshika miguu, nikamwomba aseme neno hilo moja tu. Mimi, dada yako, niliyetoka kuwahubiria watu ukweli wa majivu. Alilia sana. Alisema wewe amekulea kwa uji wa mikono yake yote miwili, na akasema niandike hivi: atakuletea chakula gerezani kila watakapomruhusu, mpaka afe yeye au ufe wewe. Lakini anaishi kwenye nyumba hii kwa sababu mjane wa Edward alimsimamia, na mahakamani atasema panga lilikuwa chini.

Sikuweza kumbadilisha. Nimejaribu kumchukia na sikuweza hilo pia.

Kesi inasikilizwa mwezi ujao. Watakuja basi moja, yeye na Agnetha. Mimi nitakuwa nimetangulia, nitakaa mstari wa mbele upande wako. Ukiingia nitafute.

Dada yako,
Vumilia