Pua ya Eulália

Vila Nova de Gaia,
14 Novemba 1874

Kaka yangu mpendwa, Padri Teodósio,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa mavuno kimetulia. Kama bado, acha ubishi, vaa koti la sufu nililokutumia. Najua umeshaligawa kwa maskini. Basi mwombe huyo maskini akuazime. Huku sisi tunapumua. Mvua haikatiki, mto umejaa, na mashua za mapipa zimefungwa ukingoni tangu juzi.

Wanaokuletea barua hii ni mwanangu Eulália, binti yako wa ubatizo, na Anselmo, yule fundi mapipa. Wanataka uwafungishe ndoa. Utashangaa, maana mwezi wa sita nilikuandikia kwamba kijana huyo nimemkataa. Nakuomba usome hadi mwisho kabla ya kuwauliza lolote. Wape supu kwanza, wametoka mbali.

Unaikumbuka ile homa iliyomchukua mke wangu Leonor. Mimi ilinibakiza, nawe ukanisomea misa ya shukrani. Nilichokuficha ni kwamba haikunibakiza mzima. Nilipopata nafuu niliusogeza mkate wa moto puani, nikahisi joto tu. Harufu, hakuna. Nikanusa kahawa, nikafungua kabati nikanusa nguo za Leonor. Hakuna kitu. Watu walipoona sili wakasema ni majonzi, nami nikawaacha waseme hivyo. Wewe unaijua kazi yangu. Pipa lipi la divai ya mwajiri wangu, Bwana Sequeira, lichanganywe na lipi, lipi liuzwe na lipi lisubiri, yote hayo yaliamuliwa na pua hii.

Eulália alikuwa akiniletea chakula cha mchana ghalani. Siku moja nilimwomba anuse glasi mbili aniambie anachosikia. Akacheka, akasema, "Hii inanuka asali, Baba, na hii inanuka soksi za Baba Mkubwa." Nikaenda kulichunguza pipa la hizo soksi zako, nikakuta kweli limeharibika. Tangu hapo chakula kikawa kisingizio. Yeye ananusa, mimi naenda kusema mbele za watu. Bwana Sequeira akawa ananisifu kwamba tangu nifiwe nimekuwa makini zaidi. Na mimi sifa hizo nilizipokea, tena kwa kichwa kilichoinuliwa.

Ndipo Anselmo akaja kuposa, sikukuu ya Mtakatifu Yohane, huku mji mzima unacheza barabarani. Alikuwa amepata kazi Régua, mbali huko juu ya mto, na alitaka kwenda na mke. Nilimjibu kwamba sikumlea binti ili aolewe na fundi anayenuka moshi wa kuchomea mapipa. Kijana wa watu akainamisha kichwa. Eulália akanitazama, akaniuliza polepole, "Moshi huo unausikia wapi, Baba?" Kesho yake aliniletea chakula kama kawaida, akanusa kama kawaida, nikajua yamekwisha. Nilifurahi, Mungu anisamehe.

Jumatano ilikuwa siku ya Mtakatifu Martino, wanunuzi wa Kiingereza wakaja kuonja. Nilikuwa nimewawekea pipa la mwaka hamsini na moja, zile zabibu za mlimani kwetu tulizozikanyaga wewe na mimi na marehemu baba, miguu ikabaki ya zambarau hadi Krismasi. Mchana Eulália aliinusa divai ile. Akainusa tena, kisha akasema, "Nzuri. Zabibu kavu, na ua la mchungwa kwa mbali."

Nikayasema maneno hayohayo mbele ya wageni, nimefumba macho. Wa kwanza alitema sakafuni. Wa pili akaniuliza, "Bwana meneja, mchungwa wako umeozea kisimani?" Ubao mmoja wa pipa ulikuwa umeoza, na uvundo wake umeingia kwenye divai yote. Ulimi wangu ulisikia utamu tu. Bwana Sequeira hakunigombeza. Aliondoka kidogo, akarudi na glasi nyingine, akaniomba niinuse nimwambie ni nini. Nikanusa sana. Nikasema ni divai nyeupe, changa bado. Yalikuwa mafuta ya taa.

Nyumba ya kampuni naihama mwisho wa mwezi.

Nilimkuta Eulália akikunja nguo zake. Nikamuuliza kwa nini amenifanyia vile. Akasema, "Ningekuambia kweli, Baba, ningenusa mpaka nizeeke." Alilia sana, akanikumbatia, halafu akaendelea kukunja nguo.

Basi sikia, kaka, na hili ulipokee kama padri. Sikumkataa Anselmo kwa sababu ya ufundi wake. Ni kijana mwema kuliko nilivyokuwa mimi. Nilimnyima mwanangu mume ili mimi nibaki na kazi. Ruhusa yangu hii hapa, wafungishe ndoa. Naona aibu kuitoa leo, wakati sina tena faida ya kuizuia. Usiwaambie; wanajua.

Kapuni mwao mna chupa iliyofungwa kwa kitambaa. Ni divai ya pipa lile. Usiipeleke altareni. Inuse, kisha uniandikie bila kunionea huruma inanuka nini. Mimi jana nilikunywa glasi nzima, nikaiona tamu, nikamkumbuka baba.

Nisalimie waumini wako na kaburi la wazee wetu. Mwambie Eulália asihofu, nitafika nyumbani salama baada ya kuwasindikiza, maana najua atageuka mara nyingi kunitazama.

Mimi mdogo wako,
Baltasar