Mdudu wa Losheni

Shoga, keti kwanza.

Yule bakteria mpya niliyemgundua, asiyekufa kwa dawa yoyote? Katoka kwenye losheni yangu ya mikono. LOSHENI YANGU.

Leo nimefungua kisahani cha kulinganishia, kile nisichopandikiza kitu. Kinatakiwa kiwe kitupu. Mdudu yumo, kanawiri, hana habari. Nikapima losheni yangu, naye yumo humo.

Nikawaza nikitupe, nani kaona? Miguu yenyewe ikanipeleka nacho kwa Profesa. Nikamwambia, "Sijagundua kitu. Ni losheni."

Akakitazama kisahani. Akanitazama mikono.

"Nani mwingine amekiona?"

"Hakuna."

Unamjua alivyo, miaka yote naitwa "mwanafunzi". Basi akanipa mkono. Akaushika wangu huu huu nilioupaka losheni! Akasema, "Karibu kazini, mwanasayansi."

Mwanasayansi! Siku niliyogundua kwamba sijagundua kitu!

Sasa mama. Keshamtangaza huyo mdudu kwa mawifi zake wote. Nimempigia, nikamweleza taratibu. Kauliza kitu kimoja tu:

"Lakini Profesa kakuita mwanasayansi?"

"Ndiyo, mama."

"Basi hilo nitawaambia. La losheni tulizike hapa hapa, nani kaona?"